Ushuru Umelipa, Lakini Biskuti Bado Haziuziki

"Nimelipa ushuru, risiti hii hapa, sasa mwataka nini tena?" Kaa Malindi karibu na maduka yanayouza vyakula vya Ulaya, au wasikilize wenye maduka ya jumla kule Amu, mji wa kisiwa cha Lamu, boti la mizigo linapoingia kutoka Mokowe ng'ambo ya pili, na lalamiko hili hutalikosa. Mara nyingi anayelitoa hasemi uongo. Ushuru kalipa kweli. Ila anayepokea ushuru siye anayeruhusu chakula kiuzwe. Hizo ni idara mbili, kila moja na sheria yake, na hakuna inayosema kwa niaba ya mwenzake.

Wafanyabiashara wageni huuliza, "Kibali cha kuleta vitafunio nakipata wapi?" Swali lenyewe ndilo linalowapoteza, kwa sababu kibali kimoja cha aina hiyo hakuna. Paketi ni moja, lakini kila ofisi huitazama kwa jicho lake. KRA, yaani Mamlaka ya Mapato, yataka kujua paketi ina thamani gani, imetoka nchi gani na iko kundi gani la ushuru. Ikishajua hayo haijali kama biskuti ni tamu au zimeota ukungu. KEBS, shirika la kukadiria ubora wa bidhaa, huuliza kama zimetimiza viwango vya Kenya. Maafisa wa afya wa bandarini, walio chini ya Wizara ya Afya, huuliza kama zitamdhuru mlaji, na sheria yao kuu ni ile ya Chakula, Dawa na Kemikali, Sura ya 254. Mzigo ukishafika dukani, afisa wa afya ya umma wa Kaunti ya Kilifi au ya Lamu naye ana haki ya kuja kuangalia rafu, kwa sababu Katiba ya 2010 iliwapa kaunti kazi ya kutoa leseni na kusimamia wanaouza chakula kwa umma.

Kwa hivyo risiti ya KRA inathibitisha jambo moja tu: hudaiwi tena kodi na serikali. Ukimwonyesha afisa wa afya risiti hiyo, ni kama hujamjibu.

Nyuma ya paketi

Malindi imeishi na Waitaliano kwa miongo mingi, na maduka yake yanauza vitu ambavyo Mombasa kwenyewe utavitafuta. Kimojawapo ni taralli, vitafunio vikavu vya duara kama bangili ndogo, asili yake Puglia, kusini mwa Italia. Tuseme mwenye duka ameonja, amevipenda, na anataka kuagiza katoni kadhaa. Kabla hajauliza bei, aigeuze paketi asome nyuma yake kama atakavyoisoma mkaguzi.

La kwanza ni lugha. Kila kitu kimeandikwa Kiitaliano: jina, viungo, namna ya kuhifadhi. Kenya inataka lebo isomeke kwa Kiingereza au Kiswahili. Kiwango kinachohusika ni EAS 38, kiwango cha Afrika Mashariki cha lebo za vyakula vilivyofungashwa, na kinataka mambo ya msingi: jina la chakula lenyewe (jina la kampuni peke yake halitoshi), viungo vikipangwa kuanzia kilicho kingi zaidi kwa uzito hadi kilicho kidogo, uzito halisi bila paketi, jina na anwani ya mtengenezaji, nchi ilikotengenezwa, nambari ya toleo, na maelezo ya kuhifadhi. Vitu vinavyowadhuru watu wenye mzio, kama ngano, maziwa, mayai na njugu, lazima vitajwe wazi. Mtoto anayevimba midomo kwa chembe ya njugu hana kinga nyingine ila maandishi hayo.

La pili ni tarehe, na hapa ndipo wengi hunaswa. Paketi ya Ulaya kwa kawaida hubeba tarehe moja tu, ile ya kuambia mlaji ni vizuri ale kabla ya lini. Kenya inataka pia tarehe ya kutengenezwa. Mtengenezaji wa Italia hajafanya kosa lolote nchini kwake. Ameandika alichotakiwa kuandika kule. Lakini paketi hiyo hiyo ikifika Kilindini, bandari ya Mombasa, ina pengo. Bidhaa za Marekani zina shida nyingine ndogo yenye hasara kubwa: Wamarekani hutanguliza mwezi. Paketi iliyoandikwa 04/07/2026 kwao inamaanisha tarehe 7 Aprili, na kwa mnunuzi wa Malindi ni tarehe 4 Julai. Hiyo ni miezi mitatu ya kuuza chakula kilichopita wakati wake huku muuzaji akijiona yuko salama.

La tatu ni viungo vyenyewe. Soma orodha ya taralli za asili: unga wa ngano, mafuta, chumvi, na mvinyo mweupe. Ndiyo, mvinyo. Ndio unaozipa ladha yake. Mbele ya serikali hili halina tatizo, kwa sababu sheria haimlazimishi mwagizaji kuwa na cheti cha halali. Lakini tuko Pwani. Anayezipanga kwenye rafu Lamu bila mtu kujua kilichomo atakuja kujibu kwa wateja wake, na wateja wa Lamu hawasahau upesi. Mimi naona hii ndiyo sababu nzito zaidi ya kutaka lebo isomeke, kupita hata ile ya sheria: Muislamu anayenunua biskuti ana haki ya kujua anachotia mdomoni.

Na si mvinyo pekee. Peremende laini za kutafuna nyingi hutumia jelatini, ambayo yaweza kutoka kwa ng'ombe, samaki au nguruwe, na lebo aghalabu haisemi ni yupi. Rangi nyekundu iliyoandikwa E120 hutolewa kwa wadudu. E471, inayotumika kulainisha biskuti na keki za paketi, yaweza kutengenezwa kwa mafuta ya mimea au ya mnyama, na msimbo ni ule ule. Hayo huyamalizi kwa kukodolea paketi macho. Ni kumwandikia mtengenezaji na kumtaka aseme kwa maandishi chanzo cha kila kimoja, au kudai cheti cha halali cha nchi anakotengenezea.

Kuhusu lugha na tarehe, dawa ipo. Kanuni za Codex, chombo cha kimataifa cha viwango vya chakula, zinaruhusu stika ya ziada yenye maelezo yote ya lazima kwa lugha ya soko linalopelekewa, mradi stika hiyo iseme kweli na kikamilifu kilichoandikwa kwenye lebo ya kwanza. Isiifiche. Kijistika kilichobandikwa juu ya tarehe ya zamani humfanya mkaguzi aulize maswali yasiyokwisha, na kwa haki. Stika ibandikwe kiwandani, kabla ya ukaguzi. Anayengoja akazibandike kwenye ghala la Mombasa amechelewa, na sababu yake ni hii inayofuata.

Kabla meli haijang'oa nanga

Tangu 2005 Kenya imekuwa na utaratibu wa kukagua bidhaa huko huko zinakotoka, unaojulikana kwa herufi PVoC. KEBS huzipa kandarasi kampuni za ukaguzi zenye ofisi nchi mbalimbali. Muuzaji wa nje hupeleka maombi kwa kampuni inayohusika na nchi yake, bidhaa hupimwa kwenye maabara, mzigo hukaguliwa, na ukifuzu hutolewa cheti cha ulinganifu, ambacho mawakala wa forodha hukiita CoC tu. Anayeuza mara moja moja hupimiwa kila shehena. Mwenye kupeleka Kenya mara kwa mara anaweza kusajili bidhaa zake na kupunguziwa mzunguko.

Sasa fikiria mzigo umefika Kilindini bila CoC. Haurudishwi moja kwa moja, lakini umeingia mlango mbaya. Utakaguliwa hapa, sampuli zitachukuliwa, utalipia ukaguzi na faini, na siku zote hizo kontena linakula ada ya ghala na ya kampuni ya meli. Ukishindwa vipimo, mwenye mali hutakiwa aurudishe ulikotoka kwa gharama yake au uharibiwe, pia kwa gharama yake. Vitafunio havina faida nene ya kubeba mzigo huo. Simu ikikwama bandarini wiki tatu, inabaki simu. Katoni ya chokoleti ikikaa ndani ya kontena la chuma juani Februari, mwenye mali atatoa kitu kingine kabisa: chokoleti huyeyuka karibu na nyuzi 34, kisha usiku huganda upya ikiwa na utando mweupe juu. Hiyo haina sumu, lakini jaribu kumuuzia mtu.

Muda nao unakatika. Biskuti zenye maisha ya miezi 9 zikipoteza mwezi kiwandani, mwingine na nusu baharini, na mwingine bandarini, zinakufikia zikiwa zimezeeka, na wakaguzi huangalia muda uliobaki, si tarehe ya mwisho peke yake. Wauzaji wa nje wanalijua hili vizuri. Bei nzuri ya kupindukia unayopewa Dubai mara nyingi ni bei ya mali inayokaribia kuisha.

Kwa anayeagiza katoni chache tu, njia ya kawaida ni kuchangia kontena na wengine kupitia kwa wakusanyaji mizigo. Njia ni halali, na KEBS husajili wakusanyaji hao. Shida yake ni kwamba hatima yako iko mikononi mwa jirani usiyemjua: mwenzako akificha kitu kwenye katoni zake, kontena lote linalala.

Mzigo ukipita, bidhaa za rejareja kutoka nje hubandikwa stika ya ISM, inayothibitisha kuwa imeingia kihalali. Zilizotengenezwa nchini hubeba alama nyingine, SMark, na hiyo mnunuzi yeyote anaweza kuikagua kwa simu: andika SM#, kisha nambari ya kibali iliyo kwenye paketi, na utume kwa 20023. Jina la kampuni litakalorudi likitofautiana na lililo mkononi mwako, unajua umeshika nini.

Viungo vyenye wenyewe

Biskuti kavu na kripsi huishia kwa KEBS na afya. Lakini baadhi ya vitafunio vina mlinzi wa ziada, kutegemea kilichomo. Chenye maziwa mengi kitakutuma kwa Bodi ya Maziwa. Nyama kavu ya paketi ni ya idara ya mifugo. Njugu mbichi au matunda yasiyosindikwa ni ya KEPHIS, shirika la kukagua afya ya mimea, inayotaka kibali kabla ya mzigo kuondoka na cheti cha afya ya mimea kutoka nchi ya asili. Vitafunio vya mahindi vina kesi yao peke yake: Kenya ilipiga marufuku vyakula vilivyobadilishwa jeni Novemba 2012, baraza la mawaziri likaondoa marufuku hiyo Oktoba 2022, na tangu hapo jambo limekuwa likipigwa danadana mahakamani. Anayeleta bisi au vitafunio vya mahindi kutoka Marekani awe na karatasi ya mtengenezaji kuhusu aina ya mahindi.

Njugu nazo zastahili kusimamiwa kidogo. Afisa anapoomba cheti cha maabara cha sumukuvu, wengi huona ni usumbufu. Mwaka 2004, watu 317 waliugua Makueni, Kitui na maeneo jirani kwa kula mahindi yenye sumukuvu, na 125 kati yao wakafa. Sumu hiyo hutokana na ukungu unaoota kwenye nafaka na njugu zikihifadhiwa na unyevu, na kuzikaanga hakuiondoi yote. Haina harufu wala rangi ya kuiona. Kiwango cha Afrika Mashariki hakiruhusu zaidi ya mikrogramu 10 za sumukuvu kwa kilo ya njugu, na aina ya B1, iliyo kali kuliko zote, isizidi 5. Halafu kumbuka hewa yetu. Njugu zilizofuzu Mombasa, zikawekwa chini sakafuni kwenye ghala lisilo na madirisha Malindi msimu wa masika, zinaweza kuharibika baada ya vyeti vyote kutolewa. Tandika mbao chini, acha nafasi ukutani. Hilo hakuna ofisi itakayokufanyia.

Hesabu yenyewe

Ushuru huanzia kwenye msimbo wa HS, nambari inayoitambulisha bidhaa. Biskuti ziko 1905, peremende 1704, chokoleti 1806, viazi kripsi 2005. Kukosea msimbo, kwa bahati mbaya au kwa ujanja, ndicho chanzo kikubwa cha ugomvi na forodha. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina makundi ya asilimia 0, 10 na 25, na tangu Julai 2022 kundi la nne la asilimia 35, ambamo peremende zimo.

Chukua mali yenye thamani ya shilingi 100,000 ikijumlishwa na bima na nauli, iliyo kundi la 25. Ushuru wa forodha ni 25,000. VAT ya asilimia 16 haihesabiwi kwenye laki moja. Inahesabiwa kwenye 125,000, kwa hiyo ni 20,000. Ada ya tamko la uagizaji, asilimia 2.5, ni 2,500, na ya reli, asilimia 2, ni 2,000. Jumla 49,500. Sasa tuseme mali hiyo, kwa kiwango kile kile cha forodha, ni viazi kripsi, vinavyotozwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 25 vikitoka nje. Huo unaongezwa juu ya 125,000, nao ni 31,250; VAT inapanda hadi 25,000; jumla inakuwa 85,750. Hapo hujamlipa wakala, hujalipa ukaguzi, na lori la kilomita 120 kutoka Mombasa hadi Malindi halijawashwa. Wa Lamu aongeze safari ya Garsen hadi Mokowe na boti la kuvukia. Bandari mpya ya Lamu, ambayo gati yake ya kwanza ilifunguliwa 20 Mei 2021, ni ya meli kubwa. Haijabadilisha safari ya katoni ya biskuti kwenda dukani Amu. Viwango vya kodi bungeni hubadilika karibu kila mwaka wa bajeti, kwa hiyo mwulize wakala vya mwezi huu, usitegemee vya mwaka jana.

"Lakini nimenunua Unguja"

Ndilo jibu la Pwani nzima. Bidhaa kutoka Tanzania au Uganda huingia bila ushuru wa forodha, na mzigo usiozidi dola 2,000 hutumia cheti rahisi cha asili kinachopatikana mpakani, kama pale Lunga Lunga. Tena alama ya ubora ya nchi mwanachama inatambuliwa Kenya, kwa sheria ya viwango ya Jumuiya. Hii ni nafuu kubwa na wafanyabiashara wetu wadogo hawaitumii inavyostahili.

Sharti lake ni kwamba bidhaa iwe imetengenezwa huko. Biskuti za Uturuki zilizopitia Dubai zikauzwa Darajani, sokoni Unguja, zimebaki za Uturuki, hata zikifika Malindi kwa jahazi. Na hata zile za Tanga halisi zikisamehewa forodha, hazisamehewi kila kitu. VAT iko pale pale. Misri nayo, kupitia COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, hupata nafuu kama hiyo ikiwa na cheti chake cha asili, na ndiyo maana biskuti zake zinaweza kuuzwa bei ambayo za Ulaya haziwezi kuifikia.

Ukishafungua gunia

Kuna wanaoamua kukwepa paketi kabisa: wanaleta gunia la njugu au korosho, wanalifungua dukani na kufunga vipaketi vya shilingi 20 na 50. Ni biashara nzuri, na hakuna ubaya ndani yake, ila hapo umeacha kuwa mwagizaji. Umekuwa mfungashaji. Cheti cha gunia hakihami kwenda kwenye kipaketi. Sasa unahitaji lebo yenye jina lako na anwani yako, uzito uliopimwa kwa mizani iliyokaguliwa chini ya Sheria ya Vipimo na Mizani, alama ya SMark, cheti cha afya cha kila anayeshika chakula, na chumba ambacho afisa wa kaunti amekiona.

Na nailoni ile nyepesi unayoifunga kwa moto wa mshumaa imepigwa marufuku tangu 28 Agosti 2017, ijapokuwa utaikuta kila kona kuanzia soko la Malindi hadi stendi. Vifungashio vya kiwandani vinavyogusana na chakula moja kwa moja vinaruhusiwa, vikiwa na idhini ya NEMA, mamlaka ya mazingira, na jina la mtengenezaji, kwa hiyo nunua kwa muuzaji anayeweza kukuonyesha idhini hiyo. Maombi ya SMark hufanywa mtandaoni, ada ya wajasiriamali wadogo ni nafuu kuliko ya viwanda vikubwa, na ofisi ya KEBS ya kanda ya Pwani iko Mombasa. Nenda na kipaketi kimoja mkononi kabla hujachapisha lebo elfu tano.